Plagi Imeruka na Nyuzi Zake: Kuiponya Hedi ya Hilux 22R Bila Kuishusha

Karibuni tena gereji, ndugu zangu. Leo sina utangulizi mrefu, maana mwenye gari yuko pale amekaa juu ya kreti la soda, ananitazama.

Gari ni hii Hilux, injini 22R ya kabureta, lita 2.4. Kazi yake ni kushusha kabichi na karoti kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini, na mlima ule wenyeji mnaujua. Jana ikiwa inapanda, dereva anasema alisikia "paa!" chini ya boneti, halafu injini ikaanza kupiga kelele kama pikipiki isiyo na ekzosi. Kufungua, plagi ya silinda namba nne imeruka, inaning'inia kwenye waya wake.

Sogeza kamera hapa. Mnaona hiki kinachong'aa kwenye nyuzi za plagi, kama waya mwembamba umezungushiwa? Huo si uchafu. Ndizo nyuzi za hedi yenyewe, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, zimetoka pamoja na plagi. Bloku ya 22R ni chuma, lakini hedi yake ni aluminiamu, na plagi ni chuma. Wakikwaruzana hao, anayeumia ni aluminiamu.

Nani aliifunga mara ya mwisho, siulizi. Ila mambo yenyewe ni yale yale: plagi imeanzishwa kwa racheti badala ya vidole, ikaingia upande, au imekazwa kwa hasira, au imefunguliwa injini ikiwa ya moto. Wakati mwingine ni kinyume chake, ililegea tu, ikawa inacheza kila silinda inapowaka, ikasaga nyuzi kidogo kidogo. Kama gari lako linatoa mlio wa "tsi tsi tsi" upande wa plagi na kuna weusi umezunguka tundu, usisubiri lifike hapa.

Kabla hujakata kitu, chungulia tundu kwa tochi. Kama zimeharibika nyuzi mbili tatu za juu tu na za chini ni nzima, huna haja ya seti ya kukata nyuzi mpya. Chukua plagi ya zamani ya saizi ile ile, ikate mifereji mitatu minne kwenye nyuzi kwa msumeno wa chuma, kutoka chini kwenda juu, kisha ipige msasa mabaki yake. Umepata kisafisha nyuzi cha bure. Kipake grisi, kiingize kwa vidole, taratibu, mbele na nyuma. Kimeniokoa mara nyingi.

Hapa lakini hakuna cha kusafisha. Gusa ndani kwa kidole: laini kama bomba. Na kabla ya kuendelea angalia ufa, hasa kati ya tundu na vali. Ukiuona ufa, funga boneti. Hiyo hedi inashuka, hakuna njia ya mkato.

Sasa vifaa. Plagi ya 22R ni M14, yaani unene wa milimita 14, kwa hatua ya 1.25, yaani milimita kutoka uzi mmoja hadi wa pili, na sehemu yake ya nyuzi ina urefu wa milimita 19. Seti unayonunua iandikwe hivyo hivyo. Usije ukachukua tapu (kile chuma cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) ya kawaida ya M14 ukadhani umemaliza. Tapu ya seti hii ni nene zaidi, kwa sababu inakata nyuzi za kupokea bushi, kijibomba chenye nyuzi ndani na nje, na bushi ndiyo inayopokea plagi.

Kuna aina mbili. Kuna ile ya waya uliosokotwa kama springi, Helicoil, na kuna bushi nzima ya chuma yenye bega juu. Ya waya ni rahisi kupatikana, na kwa bolti za kawaida sina ugomvi nayo. Kwa plagi mimi nachukua bushi. Plagi inafunguliwa na kufungwa miaka yote, na nimeshaona waya ukitoka umeng'ang'ania plagi, mtu anaanza upya kwenye tundu ambalo sasa ni pana zaidi. Na wale wa gundi ya chuma, ile ya kukanda kama ugali, tafadhali. Hiyo kazi itakurudia wiki hiyo hiyo.

Urefu wa bushi usikosee. Ikiwa ndefu ikachungulia ndani ya chumba cha kuwakia, ncha yake itakuwa nyekundu kama kaa na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Utasikia injini inagonga. Ikiwa fupi, nyuzi za plagi zinabaki wazi, zinashika masizi, na siku ya kuifungua utalia.

Haya, tuanze. Injini iwe baridi kabisa. Puliza hewa kuzunguka plagi zote ndipo uzifungue, maana vumbi la barabara ya Mgeta likiingia ndani ni msasa. Andika namba kwenye waya za plagi. Chomoa terminali ya betri.

Sasa pistoni. Tapu itaingia ndani, kwa hiyo hatutaki ikutane na pistoni wala vali iliyofunguka. Weka gia huru, ziba tundu la namba nne kwa kidole gumba, na kijana azungushe injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Taratibu. Hapa hamna kitu... hapa hamna... sasa hivi, hewa inanisukuma kidole. Simama! Hapo vali zote mbili zimefunga na pistoni ndiyo kwanza inaanza kupanda. Asiguse tena mtu.

Paka tapu grisi, na isiwe ya kubania. Ijae kwenye mifereji yote. Grisi ndiyo inayoshika chenga zisidondoke. Wapo wanaojaza silinda povu la kunyolea ndevu kisha wanalitoa kwa hewa, nalo linafanya kazi, lakini mimi grisi inanitosha.

Hapa ndipo naomba mtulie. Kukata nyuzi ni dakika kumi. Kinachoharibu kazi ni tapu kuingia imeinama, na namba nne iko karibu na ukuta wa kabini, mkono haukai vizuri. Fanya hivi: chomeka ekstensheni ndefu na boksi ya plagi kwenye plagi ya namba tatu, irudishe na kuikaza kwa vidole tu. Ile ekstensheni iliyosimama pale ndiyo kipimo chako. Matundu haya yameinama sawasawa, kwa hiyo tapu yako ikisimama sambamba nayo, ukitazama kwa mbele na kwa ubavu, umenyooka. Ncha ya tapu hii ina sehemu nyembamba inayofuata tundu la zamani, inasaidia, lakini jicho lisilale.

Robo mzunguko mbele, rudi nyuma kidogo uivunje chenga. Robo tena. Unasikia inavyokwaruza? Ikiwa ngumu ghafla, usilazimishe, rudi. Baada ya mizunguko miwili itoe nje, ifute kwa kitambaa, paka grisi mpya. Tazameni kitambaa hiki kilivyojaa. Hizi zote zingekuwa ndani ya silinda. Rudieni hivyo mpaka tapu ipite tundu lote. Ndiyo, inachosha. Nimeitoa mara sita.

Ikifika mwisho, chukua kile kikata-bega na uchimbe juu ya tundu kiasi cha bega la bushi kuzama. Mizunguko michache, usikandamize. Pale ndipo ringi ya plagi itakaa na kuziba, na pale ndipo plagi inapoteremshia joto lake kwenye hedi. Pakiwa na mikwaruzo, presha itapita.

Kusafisha. Sumaku iweke pembeni, aluminiamu haishikwi na sumaku. Nimefunga mrija mwembamba kwa soletepu kwenye mashine ya kufyonza vumbi, naupitisha ndani nikizunguka kingo zote juu ya pistoni. Kisha naingiza hii kamera ya waya inayounganishwa na simu. Mnaona kale kanakong'aa pembeni? Kalibaki. Narudi tena na mrija. Kamera hizi si ghali, na zinaondoa ubishi.

Futa nyuzi mpya kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ziache zikauke. Jaribu bushi kwa mkono kwanza, bila gundi, ishuke laini. Kisha tone la gundi nyekundu ya kukazia nati, ile ya joto kali, nje ya bushi tu, chini. Paka oili kwenye kifaa cha kuingizia, funga bushi juu yake, na ishushe mpaka bega likae.

Endelea kuzungusha. Mkono utakuwa mgumu: kifaa sasa kinapanua nyuzi za chini za bushi ziume hedi. Wengi huacha hapa wakidhani imefika. Bado. Endelea, endelea... hapo, umesikia imelegea ghafla? Sasa ndiyo imeuma. Rudisha kifaa nyuma kitoke, bushi ibaki. Iache gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Sisi tunakwenda kula.

Tumerudi. Kabla ya plagi, tunarudisha terminali ya betri, tunaitoa ile ya namba tatu, na kuzungusha injini kwa stata plagi zote zikiwa nje, kilichojificha kirushwe. Hii ni kabureta, mvuke wa petroli utatoka kwenye matundu, kwa hiyo hakikisha umechomoa waya za koili, pasiwe na cheche popote, na usisimame mbele ya matundu na macho yako. Sekunde tano zinatosha.

Plagi mpya, pengo milimita 0.8. Anzisha kwa vidole. Hapafikiki? Kata kipande cha mpira wa petroli, chomeka juu ya plagi, uizungushe kwa huo mpira. Ikianza kuingia upande, mpira utateleza wenyewe. Kisha spana ya torki, Nyutoni mita 18. Kama huna, plagi mpya yenye ringi: ikishika kwa vidole, ongeza nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Iliyokwisha kutumika, ringi imeshalala, ni kama alama moja ya saa, kutoka 12 hadi 1. Na nyuzi ziwe kavu. Ukizipaka grisi, mkono unadanganyika, unakaza kupita kiasi.

Washa. Mnasikia? Imetulia kwenye silinda zote nne. Sasa maji ya sabuni, matone mawili kuzunguka plagi kabla hapajapata moto. Hakuna povu. Mzee, unaweza kushuka kwenye hilo kreti.

Ataipakia kesho. Nimemwambia akirudi kutoka Mgeta aje asubuhi, injini ikiwa imepoa, nishike plagi kwa spana nione kama imesogea. Nitawawekea picha.