Jinsi ya Kumpata Mhusika Mpya wa Mchezo wa Kuigiza Mezani

Karibu mtazamaji. Kampeni mpya, yaani hadithi ndefu ambayo kikundi huicheza mezani kila mchezaji akiigiza mhusika wake, inakaribia, karatasi ya mhusika iko mbele yako, na anayekujia kichwani ni yuleyule wa siku zote: yatima mwenye upanga wa marehemu baba yake. Leo tunamtafuta mwingine. Chukua penseli, karatasi tupu na dadu tatu za pande sita.

Kwanza, rusha dadu kabla hujawaza lolote. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, mchezo wa aina hii, ilipotoka mwaka 1974, ndivyo ilivyokuwa: dadu tatu kwa kila sifa, yaani nguvu, akili, busara, ustahimilivu, wepesi na mvuto. Jumla huangukia kati ya 3 na 18. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka, na 18 inapatikana kwa njia moja tu, wakati 10 ina njia 27, na 11 vilevile. Kwa hiyo utapata mtu wa kawaida mwenye pengo mahali fulani. Usilifute hilo pengo! Mimi naamini hapo ndipo mhusika anapozaliwa.

Tuseme nguvu imetoka 5, akili 16. Jibu la haraka ni kwamba aliugua utotoni. Sawa, liandike, lakini usiishie hapo. Mizigo yake hubebwa na nani? Humlipa nini? Siku mbebaji akikataa, inakuwaje? Simamisha video, ujibu kwa maandishi.

Umeandika? Twende kwa maisha yake ya nyuma. Mchezo wa Traveller, uliotoka 1977, humpitisha mhusika kwenye vipindi vya kazi vya miaka minne minne, na katika kanuni zake za awali aliweza hata kufa kabla mchezo haujaanza. Sisi hatutamuua. Chora mistari mitatu, kila mmoja ni miaka minne, na katika kila mstari andika alichojifunza, alichopoteza na mtu aliyekutana naye. Mpe kazi ya kweli: mpima mizani, mshona viatu, karani wa bandari. Aliyepima mizigo miaka minne hukadiria uzito wa kila anachokishika, na hiyo tayari ni tabia unayoweza kuiigiza mezani.

Ukikwama, chukua methali. Ninaipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu methali ina watu ndani yake. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sasa jiulize: ni nani huyu anayeondoka alfajiri ya siku ya tatu, kila anapokaribishwa? Mtazame yule wetu wa nguvu 5. Jembe halimudu, na hataki mwenyeji alijue hilo. Basi siku mbili za mwanzo hutumia akili yake yote kuwa mgeni wa kupendeza: husoma barua za wenyeji, hupatanisha majirani, husimulia habari za mbali. Kisha hutoweka. Dakika chache zilizopita alikuwa namba mbili tu.

Malizia na sentensi moja: anataka nini, na nini kinamzuia. Liwe jambo dogo linaloweza kutimia. Wetu anataka mahali pa kulala usiku wa tatu, lakini hajui kuomba.

Jina, mavazi na silaha vitafuata vyenyewe, usivihangaikie.

Ila acha nafasi moja wazi kwa wenzako. Kabla ya pambano la kwanza, mwombe mwongoza mchezo dakika chache, kisha waulize wachezaji: "Nani kati yenu aliwahi kunilaza kwake, na nilipoondoka nilimwachia nini?" Jibu lolote litakalotolewa, liandike kwenye karatasi yako kwa kalamu ya wino.