P-101 ni pampu gani hasa?

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Chukueni mtambo wa mafuta, kwenye mchoro kuna pampu imeandikwa P-101, leo pale imefungwa pampu moja, mwakani inakufa, inatolewa inafungwa nyingine mpya kabisa, na fundi wa zamu bado anakwambia nenda kacheki P-101, na wala hakudanganyi. Sasa P-101 ni kitu gani, maana chuma chote kimeshaondoka?

Kwenye ontolojia rasmi, yaani kazi ya kuorodhesha aina za vitu vilivyopo na mahusiano yake kwa namna ambayo kompyuta inaelewa, kuna kambi mbili hapo. Watu wa BFO, yaani Basic Formal Ontology, ile ya kina mwanafalsafa Barry Smith iliyoingia kwenye kiwango cha ISO 21838 mwaka 2021, wanasema kuna kontinyuanti, kama pampu, ambayo ipo nzima kila sekunde inapokuwepo, na kuna okarenti, kama kule kusukuma mafuta, ambako ukichungulia saa yoyote unaona kipande tu. Kambi ya pili inasema aa wapi, hata pampu ina vipande vya wakati, ya jana kipande, ya leo kipande, pampu yenyewe ni jumla yake toka inaundwa mpaka inakuwa chuma chakavu. ISO 15926, kiwango cha data za mitambo ya mafuta na gesi, imejengwa hivyo.

Na hapo wa pili wanapeta. P-101 ni kile kipande cha pampu ya kwanza ilipokuwa imefungwa pale, ukaunga na kipande cha pampu ya pili, basi, ndo maana fundi akiigusa pampu iliyofungwa leo, papo hapo kaigusa na P-101. Wa kwanza, kila wakisema pampu ni sehemu ya mtambo lazima wataje na muda, sehemu ya mtambo *lini*, na OWL, lugha ya kompyuta ya kuandikia ontolojia, inakubali uhusiano wa vitu viwili tu, muda hauna pa kukaa, ndo watafiti Welty na Fikes mwaka 2006 wakapendekeza kuingiza vipande vya wakati humohumo OWL.

Mimi kwa mitambo nawapa hao wa pili, ila kuna kitu kinanikera. Siku pampu imetolewa na nyingine haijafika, kwao P-101 haipo, itarudi ikifungwa mpya. Sawa, kihesabu haina shida. Lakini siku hiyohiyo, bwana, ofisini kuna mtu anajaza fomu ya kazi, na juu kaandika P-101.