Nyumba Bila Mapokezi: Kero za Kukodi Nyumba za Likizo

Zuhura: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia nyumba za likizo, yaani nyumba na fleti za watu binafsi ambazo msafiri huzikodi kwa siku chache kupitia programu za simu, na tutazipima kwa mizani ya hoteli. Ndugu Barnaba, wewe umekuwa mtetezi wa nyumba hizi kwa muda mrefu, kwa hiyo nakuachia neno la kwanza kabla sijaanza kulalamika.

Barnaba: Nashukuru, Bi Zuhura. Mtetezi wake bado ni mimi, ingawa siku hizi sauti imepungua. Ili malalamiko yako yaeleweke, inafaa tukumbuke ahadi yenyewe ilivyokuwa. Mwaka 2007 vijana wawili wa San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walikuwa wamebanwa na kodi ya nyumba, wakatandika magodoro ya kujaza upepo ndani ya fleti yao na kuwakodisha wageni waliokuja kwenye mkutano wa wabunifu wakati hoteli za mji zimejaa. Mwaka uliofuata, wakiwa na Nathan Blecharczyk, wakaanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Airbnb. Tazama kilichokuwapo pale: wenye nyumba waliishi humo humo, na mgeni akitaka kujua taulo ziko wapi, wa kumjibu yuko chumba cha pili.

Zuhura: Na huyo wa chumba cha pili ndiye aliyetoweka. Nyingi ya nyumba zinazotangazwa sasa ni fleti nzima ambazo hakuna anayeishi ndani yake. Mwenye nyumba huenda anazo kadhaa, amemkabidhi wakala, na wakala naye ameikabidhi kazi ya usafi kwa kampuni nyingine. Mgeni anapofika hukuta kisanduku cha ufunguo ukutani na namba za siri alizotumiwa kwenye simu. Zikifunguka, vizuri. Zikikataa, na betri ya simu iko karibu kuisha, ndipo anapogundua kwamba alichokuwa akikilipia hotelini ni pamoja na yule mtu aliyekaa nyuma ya kaunta usiku kucha, hata kama hakuwahi kumsemesha.

Barnaba: Hapo sina ubishi. Lakini mtu yule wa kaunta ana gharama, na wengi tulizikimbia hoteli kwa sababu ya bei.

Zuhura: Basi tuanze na bei hiyo hiyo, maana ndiyo kero ya kwanza anayokutana nayo mgeni hata kabla hajafunga sanduku. Anaona bei ya usiku mmoja, anafurahi, na anapofika hatua ya kulipa anakuta ada ya usafi, ada ya huduma ya jukwaa, yaani ile programu ya kuwekea nafasi, na kodi ya serikali, kiasi kwamba jumla haifanani kabisa na kile kilichomvutia. Ada ya usafi ina tabia yake: haijali umelala siku ngapi. Tuseme inalingana na bei ya usiku mmoja. Anayelala usiku mmoja amelipa mara mbili, lakini anayelala siku kumi ameongezewa sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo watu wawili wanaoangalia tangazo lile lile wanapewa bei mbili tofauti za usiku, na hakuna kilichosema uongo waziwazi.

Barnaba: Lawama hiyo ilifika panapohusika. Mwisho wa mwaka 2022 Airbnb iliweka kitufe cha kuonyesha bei yenye ada zote, na mwaka 2025 ikafanya bei hiyo ionekane moja kwa moja kwa wageni wote duniani, kabla ya kodi pale ambapo sheria hailazimishi kodi ijumlishwe. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inalazimisha bei kamili ya malazi itangazwe tangu mwanzo. Na ukumbuke, Bi Zuhura, kanuni hiyo inazihusu hoteli pia, kwa sababu nazo zilikuwa na ujanja wao wa kutoza ada ya bwawa la kuogelea hata kwa mtu ambaye hakulitia mguu.

Zuhura: Kweli, hoteli si malaika. Ila hotelini sijawahi kuambiwa nipige deki kabla ya kuondoka. Kinachowaudhi watu si ada ya usafi peke yake, ni ada hiyo ikiandamana na karatasi iliyobandikwa jikoni: vua mashuka, anzisha mashine ya kufulia, osha vyombo, toa taka, na yote yawe yamekamilika saa nne asubuhi. Mgeni hujiuliza ni nani hasa aliyelipwa kusafisha.

Barnaba: Mnamo Novemba 2022 kampuni ile ile ilitangaza kwamba mgeni hapaswi kuvua mashuka, kufua wala kupiga deki, na kwamba ni sawa kuombwa kuzima taa, kutupa mabaki ya chakula na kufunga mlango. Orodha ya mambo ya kufanya siku ya kuondoka sasa inaweza kusomwa kabla ya kuweka nafasi. Kwa haki, tumkumbuke pia mwenyeji: kati ya mgeni anayetoka asubuhi na mwingine anayeingia alasiri ana saa chache tu, na hana wahudumu wa vyumba wanaopokezana zamu. Mashuka yaliyovuliwa tayari yanampunguzia nusu saa.

Zuhura: Namwonea huruma, lakini uhaba huo wa watu ndio hoja yangu. Kila pengo ambalo hoteli huliziba kwa mfanyakazi, nyumba ya likizo huliziba kwa mgeni. Hitilafu ya maji ya moto hotelini inakuwa ni jambo la fundi wa hoteli, na ikishindikana unahamishiwa chumba kingine. Kwenye nyumba hakuna chumba kingine. Mwenyeji anaweza kuwa mwungwana wa kupigiwa mfano, akajibu ujumbe papo hapo, akaomba radhi kwa dhati, na bado ukaoga maji baridi mpaka fundi apatikane Jumatatu.

Barnaba: Na hapo hatujafika kwenye kubwa kuliko yote, yaani kughairiwa. Mimi yaliwahi kunikuta: nilikuwa nimekwisha kulipa, tiketi iko mkononi, mwenyeji akaandika kwamba nyumba ina tatizo la bomba. Baadaye nikaiona nyumba ile ile imetangazwa kwa tarehe zile zile kwa bei ya juu zaidi.

Zuhura: Pole sana. Ulirudishiwa fedha?

Barnaba: Zote, na ndiyo maana watu wasioelewa husema hakuna hasara. Hasara iko kwenye muda. Fedha nilizorudishiwa zilikuwa na thamani ya siku niliyoweka nafasi, wakati ambapo nyumba zilikuwa tele. Siku niliyoghairiwa, msimu ulikuwa umepamba moto na zilizobaki ni ghali au mbovu. Hoteli nayo huuza vyumba zaidi ya ilivyo navyo, tena kwa makusudi, ikitegemea kwamba baadhi ya wageni hawatafika. Lakini hesabu hiyo ikiharibika, desturi ya biashara ni kwamba meneja anakutafutia chumba kwenye hoteli nyingine ya hadhi hiyo na kwa kawaida anakilipia yeye. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ana simu za wenzake na bajeti ya dharura. Mwenye fleti moja hana hivyo viwili.

Zuhura: Majukwaa yamejaribu kuwabana. Tangu Agosti 2022 mwenyeji wa Airbnb anayeghairi bila sababu inayokubalika anaweza kukatwa kati ya asilimia 10 na 50 ya thamani ya nafasi hiyo, na zikisalia saa 48 au pungufu kabla ya mgeni kuingia, makato ndiyo hiyo asilimia 50. Hata hivyo faini inamwadhibu mwenyeji tu. Haikupi paa la kulala usiku huo.

Barnaba: Mtu atasema, si ungeangalia nyota na maoni ya wageni waliotangulia?

Zuhura: Nyota hizo nimezitilia shaka kwa miaka. Mwaka 2015 watafiti watatu, Georgios Zervas, Davide Proserpio na John Byers, walichapisha uchunguzi uliogundua kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba walizozipima kwenye Airbnb zilikuwa na wastani wa nyota nne na nusu au tano. Walipotazama hoteli kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, wastani ulikuwa chini sana, kama 3.8. Sasa, kipimo ambacho karibu kila mmoja anafaulu kinamsaidia nani kuchagua?

Barnaba: Lakini hilo lina maelezo, na si lazima yawe ya hila. Hotelini unaandika maoni kuhusu kampuni. Kwenye nyumba unaandika kuhusu mtu aliyekupokea, na yeye anaandika kuhusu wewe. Ni vigumu kuandika kwamba godoro lilikuwa na mashimo wakati mwenye godoro alikuachia kadi ya kukukaribisha kwa mkono wake.

Zuhura: Na hofu ya kulipiziwa je?

Barnaba: Hiyo ilipunguzwa mwaka 2014, pale maoni ya pande zote mbili yalipoanza kufichwa mpaka wote wawili wawe wameandika au muda wao, ambao ni siku 14, uwe umekwisha. Kilichobaki ni shinikizo la upande wa mwenyeji. Ili apewe hadhi ya mwenyeji bora anahitaji wastani usiopungua 4.8, kwa hiyo nyota nne, ambazo wewe unadhani ni sifa, kwake ni pigo. Ndiyo maana wengine huomba waziwazi, karibu kwa kusihi, wapewe tano. Nyota za hoteli ni jambo jingine kabisa: katika nchi nyingi hutolewa kwa kukagua vitu vilivyopo, kama vile mapokezi, lifti na huduma za chumbani, wala hazidai kujua kama mgeni alifurahi.

Zuhura: Kwa hiyo mimi husoma maoni ya nyota tatu tu, kwa sababu wanaoyaandika hawana ghadhabu wala hawana deni la shukrani. Tugusie na faragha kidogo. Kwa miaka kadhaa kamera ziliruhusiwa sebuleni na kwenye korido za nyumba hizi ilimradi zitajwe kwenye tangazo. Airbnb ilizipiga marufuku ndani ya nyumba kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Nje bado zinaruhusiwa kwa masharti, na sina ugomvi nazo.

Barnaba: Kuna hatari nyingine ambayo wasafiri wachache huifikiria, nayo ni kuweka nafasi kwenye nyumba ambayo serikali ya mji hairuhusu ikodishwe. Jijini New York, tangu Septemba 2023, anayekodisha kwa muda wa chini ya siku 30 lazima awe amesajiliwa, awepo mwenyewe ndani ya nyumba, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba haitahuisha leseni za fleti 10,101 za watalii, ambazo zitakoma Novemba 2028. Mwaka 2019 Amsterdam iliweka kikomo cha siku 30 kwa mwaka. Miji hiyo ilikuwa ikijibu kilio cha wakazi wake kuhusu kodi za nyumba na kelele, na mimi nadhani kilio hicho kina haki. Ila mgeni anayechagua kwa picha hajui lolote kuhusu hayo, mpaka jirani amfungulie mlango kwa uso wa hasira au nafasi yake ifutwe.

Zuhura: Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024, ya kutumika kuanzia tarehe 20 Mei 2026, inayotaka namba ya usajili ionyeshwe kwenye tangazo pale ambapo nchi au mji una utaratibu wa usajili. Namba hiyo ikitakiwa na haipo, mimi nisingelipa. Sasa, ndugu Barnaba, baada ya yote haya, unatetea nini?

Barnaba: Natetea jiko na milango. Familia yenye watoto watatu hotelini hulazimika kuchukua vyumba viwili, wazazi wakagawana watoto, au wote wakae gizani tangu saa mbili usiku kwa sababu mdogo amelala. Nyumba inawapa sebule ya kukaa baada ya watoto kulala, jokofu la dawa na maziwa, na mahali pa kufulia. Kwa wiki tatu au mwezi, ile ada ya usafi uliyoilalamikia inakuwa haisikiki. Anayesafiri na mgonjwa au mzee pia anaweza kupata nafuu, ilimradi aulize habari za ngazi, kwa sababu picha huwa hazionyeshi ngazi.

Zuhura: Hapo nakubali. Basi niseme ninachokifanya mimi kabla ya kulipa: namwandikia mwenyeji swali moja la kawaida usiku, nione atachukua muda gani kujibu na kama anayejibu ni mtu au ni majibu yaliyopangwa na mashine. Nikifika, napiga picha za video kila chumba kabla sijafungua sanduku, kwa sababu jukwaa linaweza kumpa mwenyeji siku 14 baada ya mimi kuondoka za kudai fidia ya kitu kilichovunjika, na sitakuwa na shahidi.

Barnaba: Na tatizo lisisubiri mwisho wa safari. Airbnb humtaka mgeni atoe taarifa ndani ya saa 72 tangu agundue hitilafu, na ni bora iwe kupitia ujumbe wa programu, si kwa simu ya pembeni isiyoacha maandishi. Anayevumilia kwa adabu mpaka siku ya mwisho hujikuta hana dai.

Zuhura: Na kama ni usiku mmoja tu, unapita njia, ndege ni alfajiri?

Barnaba: Naenda hotelini, Bi Zuhura. Nitaacha mizigo mapokezi, nitaomba niamshwe saa kumi, na mashuka nitayaacha kitandani yalivyo.