Nenosiri la Ofisi Nzima

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wahasibu na makarani wa vyama vya akiba na mikopo mliofika hapa Moshi, nimeombwa nizungumzie wezi wa mtandaoni, lakini naomba kwanza tuitazame ile karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta ya ofisi, yenye nenosiri ambalo mhasibu, karani na hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hulitumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa kupokezana. Kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na muda wake uliopimwa, kila mmoja alipewa nenosiri lake. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi ya ule aliogawiwa, aliiagiza mashine imchapishie faili lenye manenosiri ya watumiaji wote. Mvamizi huyo, angalieni, alikuwa mtu wa humo humo ndani.

Mkopo ukiidhinishwa saa tatu usiku kwa akaunti ya mhasibu, kumbukumbu za mfumo zitamtaja yeye, naye atajibu, tena kwa haki kabisa, kwamba nenosiri lake linajulikana na ofisi nzima. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Lakini mpelelezi ataanzia wapi, ikiwa ninyi wenyewe mmefuta alama ya nani aliingia?

Wa nje naye yupo, na mara nyingi hubahatisha tu. Namba nne za siri zina michanganyiko 10,000, ila aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa amempunguzia mwizi kazi hadi majaribio yasiyozidi mia moja. Novemba 1988, programu ya Robert Morris iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti ilijaribu majina ya watumiaji pamoja na orodha fupi ya maneno 432, na katika kompyuta nyingi hayo yalitosha.

Wengine huwalazimisha watumishi kubadilisha nenosiri kila mwezi. Mimi siafiki, kwa sababu matokeo yake ni Kibo1, kisha Kibo2, kisha Kibo3. Na mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri desturi hiyo iachwe, nenosiri libadilishwe pale tu panapokuwa na dalili kwamba limevuja. Afadhali maneno manne au matano yasiyohusiana, marefu, ya mtu mmoja.

Karani akihamishiwa tawi la Himo, akaunti yake ifungwe siku ile ile anapokabidhi funguo. Mwenyekiti naye, pamoja na heshima zote, asipewe nenosiri la mhasibu. Akitaka kukagua hesabu, afunguliwe akaunti yake mwenyewe, ya kusoma tu.