Picha ya Kifua na Siku ya Ugonjwa
(Mhadhara uliotolewa Lamu, baada ya sala ya Isha)

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule ngazini, ahsanteni kwa kuja. Miye kazi yangu ni kupiga picha za eksirei. Wengi wenu nimewaambia "vuta pumzi, zuia," mkazuia, nikabonyeza, mkaenda zenu. Leo nawaeleza ninachokitafuta kwenye picha ile mtu anapokuwa na nimonia ya virusi, iwe ya mafua makali ama ya Korona.

Tuanze na rangi. Pafu ni kama sifongo iliyojaa hewa. Mwale hupita kwenye hewa kwa urahisi, ndipo pafu likatoka jeusi; mbavu huuzuia, zikatoka nyeupe. Virusi vikishambulia vile vijifuko vya hewa, hujaa majimaji, na penye weusi pakaingia weupe. Mwanzo huwa hafifu, kama kioo ulichokipulizia pumzi: mishipa ya damu bado unaiona ndani yake. Ukizidi, mishipa nayo hupotea. Kwa Korona, weupe huo mara nyingi huwa mapafu yote mawili, upande wa chini, pembezoni karibu na mbavu.

Lakini ukimwambia daktari wa zamu "picha ni mbaya," hujamwambia kitu. Mbaya kiasi gani? Mwaka 2020, madaktari wa Brescia kule Italia, wagonjwa walipowafurika, walitunga hesabu inayoitwa Brixia. Kila pafu hugawanywa juu, kati na chini, zikawa sehemu sita. Sehemu iliyo safi hupewa 0. Ikiwa na nyuzinyuzi tu, yaani mistari myembamba myeupe, 1. Nyuzi zimechanganyika na mawingu, yaani mabaka ya weupe, lakini nyuzi ndizo nyingi, 2. Mawingu yakitawala, 3. Jumlisha, mwisho wake ni 18. Hesabu hii naipenda kwa sababu haihitaji chochote zaidi ya picha ya kawaida na macho yaliyotulia. Siti skani, ile mashine inayopiga picha za mwili vipande vipande, ina hesabu yake: ndewe tano, yaani sehemu kubwa za mapafu, tatu kulia na mbili kushoto, kila moja 0 hadi 5, jumla 25. Huona zaidi, kweli, lakini pia humpa mtu mionzi mara nyingi zaidi ya eksirei, kwa hivyo si ya kuombwa ovyo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mvuvi mmoja aliletwa kwangu siku ya pili ya homa. Picha ilitoka safi, sifuri. Aliambiwa mapafu mazima, akapanda boti akarudi kwao. Hakuna aliyemwambia arudi lini, na miye sikuandika kwenye fomu kwamba hii ni siku ya pili. Alirudi siku ya tisa, ameketi wima, mikono imeshika magoti, maneno yanamtoka mojamoja. Nilihesabu kulia: 1, 2, 3. Kushoto: 1, 3, 3. Kumi na tatu.

Picha ile ya kwanza haikukosea. Weupe wa Korona huchelewa. Huelekea kilele takriban siku ya 10 tangu dalili kuanza. Picha safi ya mapema husema hali ya siku ile tu. Tangu hapo siandiki alama bila kuandika siku.

Na picha peke yake haitoshi. Haimtaji mdudu, hiyo ni kazi ya maabara. Maji ya moyo uliochoka nayo hutoka meupe. Mgonjwa aliyepigwa picha amelala, asiyeweza kuvuta pumzi vizuri, sehemu za chini zitaonekana nyeupe kuliko zilivyo, ukampa alama asizostahili. Ndiyo maana nikawasumbua na "vuta pumzi."

Kando ya picha weka kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kikisoma chini ya 90, huyo ni mgonjwa mahututi, hata kama anazungumza nawe, na wa Korona wengine huteremka huko bila kuhisi kwamba hawapumui. Kwetu sisi weusi kuna la ziada: kipimo hiki wakati mwingine husoma juu kuliko oksijeni iliyomo hasa. Kikisema 92 na mtu anahema, mwaminini anayehema. Na mama zangu, kidole chenye piko au rangi ya kucha msikitumie. Tafuteni kilicho kitupu.

Mkipewa picha, msiitupe wala kuikunja. Nikiwa na ya zamani nitajua weupe huu ni mpya ama ni kovu la kifua kikuu cha miaka iliyopita.

Nimekuja na mbili, majina nimeyafuta. Zishikeni pembeni, mziinue zielekee taa ile ya mlangoni. Anzeni chini kulia, hesabuni, kisha tutaulizana.