Jenga taswira ya Debian mara kumi, pakua vifurushi mara moja

Karibuni. Leo tunajenga taswira ya Debian, yaani nakala kamili ya mfumo endeshi iliyo tayari kuwashwa kwenye mashine nyingine, mara mbili mfululizo, na mara ya pili hatutaki kifurushi hata kimoja kitoke kwenye intaneti.

Anayejenga taswira za mfumo endeshi hajengi mara moja akaacha. Anajenga, anaiwasha, anakuta huduma fulani haijaamka, anarekebisha mstari mmoja, kisha anajenga tena. Kila mzunguko unavuta vifurushi vilevile vilivyovutwa saa moja iliyopita. Huo ni upotevu wa muda wako, na pia ni mzigo kwa seva ambazo watu wanazitoa bure ili sote tupate Debian.

Kabla ya kuandika amri yoyote, nataka tuelewane jambo moja, maana likieleweka mengine yote yatakaa sawa. Kwenye hazina ya Debian, yaani seva tunakopakua vifurushi, kuna faili za aina mbili. Ya kwanza ni vifurushi vyenyewe, zile faili za .deb. Jina la kifurushi limebeba namba ya toleo lake, kwa hiyo kilichomo chini ya jina hilo hakibadiliki; toleo jipya likija, linakuja na jina jipya. Hizi unaweza kuziweka akiba bila wasiwasi. Aina ya pili ni faharasa, yaani orodha za vilivyomo kwenye hazina, kama InRelease na Packages. Majina yake ni yaleyale kila siku, lakini yaliyomo hubadilika. Proksi ya kawaida ya wavuti, yaani programu ya kati inayopakua kwa niaba yako na kuweka akiba, haijui tofauti hiyo. Inaweza kukupa faharasa ya jana pamoja na faili ya leo, na apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, ikikagua itasimama na kuandika "Hash Sum mismatch". Ndiyo maana tunatumia apt-cacher-ng, proksi ambayo imetengenezwa ikijua ipi ni ipi.

Sasa fungua dirisha la amri, tuisakinishe pamoja na debootstrap, programu inayojenga mfumo wa Debian ndani ya folda:

sudo apt install apt-cacher-ng debootstrap

Wakati wa kusakinisha unaweza kuulizwa kama unaruhusu njia za HTTP zipite ndani ya proksi. Jibu hapana. Ikimaliza, huduma inaanza yenyewe na kusikiliza kwenye poti 3142. Kwa kawaida inasikiliza kwenye anwani zote za kompyuta yako. Ukiitumia peke yako, fungua /etc/apt-cacher-ng/acng.conf, ongeza mstari huu:

BindAddress: 127.0.0.1

kisha uiwashe upya:

sudo systemctl restart apt-cacher-ng

Hapa wengi huuliza: mbona tunapita kwenye http na si https, je, mtu hawezi kunichomekea kifurushi kibaya njiani? Swali zuri, na linastahili jibu kamili. Faili ya InRelease imetiwa saini kwa ufunguo wa Debian. Ndani yake mna alama za SHA256 (namba zinazokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo) za faili za Packages. Ndani ya Packages mna alama ya SHA256 ya kila .deb. Kwa hiyo kifurushi kikiguswa popote, iwe njiani au ndani ya akiba yako, alama hazitalingana na apt itakikataa. Unachopoteza ni faragha tu: aliye njiani anaweza kuona umechukua nini. Ila saini haina faida ukiizima, kwa hiyo ukiona maelekezo yanayokuambia uweke trusted=yes, inayoiambia apt isikague saini, ili mambo yaende haraka, achana nayo.

Tujenge. Tazama vizuri nilivyoiandika amri hii (trixie ni jina la toleo la Debian):

sudo env http_proxy=http://127.0.0.1:3142 debootstrap trixie /srv/taswira http://deb.debian.org/debian

Anwani ya proksi nimeiweka kwenye mazingira ya amri, na anwani ya hazina nimeiacha kama ilivyo. Utakutana na mafundisho yanayounganisha vyote viwili, yaani http://127.0.0.1:3142/deb.debian.org/debian. Inafanya kazi, lakini debootstrap huandika anwani uliyoipa ndani ya sources.list ya taswira, faili inayoiambia apt ipakue kutoka wapi. Mimi niliwahi kutoa taswira ya namna hiyo. Kwangu ilipita kila jaribio, kwa sababu kwangu proksi ipo. Kwenye mashine za wengine, 127.0.0.1 ni mashine zao wenyewe, na hakuna kitu kinachosikiliza pale. Zilikaa bila kupata masasisho ya usalama mpaka mtu mmoja alipouliza mbona apt update inagoma. Tangu siku hiyo anwani ya proksi siiandiki kwenye faili yoyote ya taswira.

Tunaendelea ndani ya chroot, amri inayoendesha programu kana kwamba folda ya taswira ndiyo mfumo mzima, kwa utaratibu uleule:

sudo chroot /srv/taswira env http_proxy=http://127.0.0.1:3142 apt-get update

sudo chroot /srv/taswira env http_proxy=http://127.0.0.1:3142 apt-get install -y linux-image-amd64 network-manager

Chroot inatumia mtandao wa kompyuta yako, ndiyo maana 127.0.0.1 bado inafika. Kontena, yaani mfumo uliotengwa kama ule wa Docker, ni jambo lingine, kwa sababu kontena ina 127.0.0.1 yake. Kwenye Docker, anwani ya mwenyeji katika mtandao wa kawaida huwa 172.17.0.1, basi iongeze kwenye BindAddress, kisha upitishe --build-arg http_proxy=http://172.17.0.1:3142 unapojenga. Thamani hiyo haibaki ndani ya taswira.

Mzunguko wa kwanza umekwisha. Sasa tunafuta ili tujenge tena, na hapa nakuomba utulie kidogo. Kama ulishikiza (mount) /dev au saraka nyingine ya kompyuta yako ndani ya taswira, rm -rf itapita humo na kufuta vya kompyuta yako. Angalia kwanza:

findmnt | grep taswira

Ikileta chochote, kibandue kwa umount. Isipoleta kitu:

sudo rm -rf /srv/taswira

Rudia amri zote tatu za ujenzi. Wakati zinaendelea, fungua dirisha la pili:

sudo tail -f /var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log

Mistari yenye herufi I ni data iliyoingia kutoka nje, na yenye O ni iliyotoka kwenye akiba kwenda kwako. Safari ya kwanza herufi zote mbili zilijaa. Sasa kwenye faili za .deb unaona O tu. Ukiona I hapa na pale, ni faharasa zinaulizwa kama zimebadilika, na ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu nafasi ya diski, faili zinakaa /var/cache/apt-cacher-ng, na usafishaji hufanyika wenyewe kila siku. Kifurushi kisichotajwa tena na faharasa yoyote huondolewa baada ya siku zinazowekwa na ExThreshold, ambazo kwa kawaida ni 4. Ukiwa unajenga mara chache, ongeza namba hiyo.

Hazina za nje zinazokubali https pekee haziingii kwenye akiba hii moja kwa moja. Inabidi anwani iandikwe kwa mtindo wa http://HTTPS/// mbele ya jina la seva, na mstari huo lazima uurudishe ulivyokuwa kabla ya kufunga taswira. Kwa hazina moja ndogo, mimi naona haina haja ya kuhangaika. Iache ipakue kila mara.

Kabla ya kufunga, safisha na ukague:

sudo chroot /srv/taswira apt-get clean

sudo grep -r 3142 /srv/taswira/etc

Kwa kuwa Debian ina faili ya /etc/services na nyinginezo zenye namba nyingi, soma kila mstari unaojitokeza. Unachotafuta ni anwani ya proksi. Ikiwa haipo, funga taswira, iwashe kwenye mashine pepe, simamisha apt-cacher-ng kwenye kompyuta yako, kisha andika apt update ndani ya hiyo mashine. Ikifika deb.debian.org yenyewe, taswira iko tayari kutolewa.