Trilobaiti hawakuvuka, bahari ilikuwepo

Sasa jamani, hii ni habari ya bahari ya zamani iliyofungwa kabla Atlantiki haijafunguka, na ya milima iliyosimama ilipofungwa, lakini kabla ya milima tuanze na kidudu hiki. Ni trilobaiti, aliishi chini baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mgongo wake una pingili pingili na umegawanyika mafungu matatu kwa urefu, kichwa kama nusu mwezi, macho yamejikunja kama tao. Jina lake Olenellus. Huyu anapatikana kwenye mawe ya kaskazini magharibi mwa Uskoti, na anapatikana Marekani na Kanada pia, lakini shuka Wales na England, ambako kwa gari ni safari ya siku moja tu, kwenye mawe ya umri uleule humkuti, unakuta wa jamii nyingine kabisa.

Sasa mbona awe na ndugu ng'ambo ya Atlantiki na jirani hapa chini asimjue?

Twende Newfoundland, Kanada. Kisiwa kimoja, lakini visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vya upande wa magharibi ni vya Kiamerika na vya upande wa mashariki vinafanana na vya Wales. Mnaona ilivyo? Hawa ni wanyama wa maji ya kina kifupi, bahari yenye kina kirefu hawaivuki, kwa hiyo mpaka wao ulikuwa maji mengi, na maji hayo siyo Atlantiki, maana wakati huo Atlantiki haikuwepo. Mwaka 1966 mwanajiolojia Mkanada J. Tuzo Wilson aliuliza waziwazi kama Atlantiki iliwahi kufungwa halafu ikafunguka tena. Swali hilo mimi nalipenda sana, maana ramani za visukuku hivi zilikuwa zimeshajulikana miaka na miaka ila kuyasema hayo kulitaka ujasiri.

Bahari yenyewe ya zamani tunaiita Iapetus, jina la baba yake Atlasi katika hadithi za Wagiriki, na Atlantiki imetokana na huyo Atlasi. Kwanza palikuwa na milima, mabara yaligongana miaka bilioni 1 na kitu iliyopita yakajikusanya kuwa bara moja kubwa, Rodinia, na mizizi ya milima ile bado iko mashariki mwa Kanada. Baadaye bara likaanza kuvutwa huku na huku, likawa jembamba, likapasuka mabonde ya ufa, lava ikapanda kwenye nyufa, bahari ikaingia. Hiyo ni kama miaka milioni 600 iliyopita.

Kufungwa kwake ndiko kuliko na mambo. Sakafu ya bahari ikianza kuzama chini ya bamba jingine, yaani kipande kingine kikubwa cha gamba la dunia, juu yake zinaota volkeno, visiwa vya volkeno vinasukumwa hadi vinagonga bara, halafu bara linagonga bara. Na si sakafu yote inayozama! Kule Gros Morne, magharibi mwa Newfoundland, kuna mlima bapa wa rangi ya kutu, mimea ni michache mno, jirani yake ni kijani tupu. Ni mwamba wa kutoka chini ya sakafu ya bahari ile, uliopandishwa juu ya bara. Livunje jiwe lake: nje kutu, ndani kijani cheusi. Udongo wake una nikeli na magnesi nyingi na chakula kidogo, ndiyo maana mimea inaukimbia.

Miaka kama milioni 420 iliyopita Skandinavia ikagonga Greenland. Mawe ya magharibi mwa Norwe yalisukumwa zaidi ya kilomita 100 chini, tunajua hivyo kwa sababu ndani yake kuna almasi ndogondogo ambazo bila shinikizo la huko haziwezi kutokea, kisha yakarudi juu! Milima ikasimama kuanzia Marekani hadi Norwe, na kipande cha Uskoti na kipande cha England vikashonwa pamoja.

Halafu, kama miaka milioni 200 iliyopita, mpasuko mpya ukaanza, ukawa Atlantiki. Ulipita karibu na mshono wa zamani, lakini haukuufuata sawasawa. Ndiyo sababu kipande cha upande wa Amerika kilibaki Uskoti, na kipande cha upande wa Wales kikabaki mashariki mwa Newfoundland, na Olenellus wetu amekaa kwenye jiwe la Uskoti hadi leo, upande wa pili wa Atlantiki, bahari ambayo yeye hakuwahi kuivuka.